Swali Lisiloulizwa kwa Simu

Jaketi nililipata Kongowea, kwenye mitumba. Muuzaji alilitoa nyuma kabisa ya kibanda, vumbi limejaa mabegani, akasema lilikuwa limening'inia pale tangu aanze biashara na hajatokea mtu hata wa kuuliza bei. Alitaka kujua nalipeleka wapi kwa joto hili. Nikamwambia naenda kuhani. Akanitazama mimi, akalitazama jaketi, kisha akanipunguzia bila ya kuombwa.

Kuhani kwetu ni jambo la kawaida. Mtu akifiwa unamwendea, unampa mkono, unaketi naye mkekani, na hata ukikosa la kusema, kule kufika kwako kumesema. Safari yangu mimi ilikuwa kichwa chini miguu juu, maana mfiwa nilikuwa mimi, na niliokuwa nikiwaendea hawakufiwa na mtu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa mlinzi Uarabuni. Aliugua huko, akalazwa, akafa, akazikwa huko huko. Habari ilitufikia kwa simu, tukasoma hitima Magogoni bila ya jeneza. Mtu wa pekee aliyekuwa naye hospitali siku ile ni mlinzi mwenzake, aliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka: Mnepali, mtu wa dini ya Buda. Mkataba wake ulipokwisha naye alirudi kwao, kijiji kilichoko juu milimani ambako gari halifiki.

Mama alibaki na swali moja. Sisi mtu wetu akiwa katika kukata roho, aliye karibu naye humsomea shahada sikioni, taratibu, ili iwe ndiyo neno lake la mwisho duniani. Huko ndiko kumlakinia. Baba alilakiniwa na ndugu yake. Bibi alilakiniwa na mama mwenyewe, nami nilikuwapo, nimeshika bakuli la maji. Na huyu mtoto je? Alikuwa na nani? Alikuwa na mtu asiyeijua hata alifu. Mama aliuliza hivyo mara ya kwanza hitima ilipokwisha, na tangu siku hiyo alikuwa akiuliza kila akimaliza kusali, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetafuta sindano.

Yule mwenzake alitupigia simu mara kadhaa. Alilia, akasema, "Mama, pole. Pole, mama." Lakini kila tulipomtaja marehemu kwa jina alinyamaza, na akirudi huwa anauliza kama mvua imenyesha Mombasa. Mimi nilianza kumshuku. Kwetu marehemu hutajwa. Hutajwa Ijumaa, hutajwa kwenye futari, hutajwa hata na aliyemdai. Mtu asiyetaka kumtaja ana lake jambo. Siku moja nilitaka kumuuliza waziwazi, mama akanipokonya simu.

"Suala kama hilo haliulizwi simuni," alisema. "Mtu akisema urongo simuni utamuona wapi? Nenda ukamwangalie matoni."

Nikamwambia, "Mama, huko ni Nepali."

"Nimekwambia ni Likoni?"

Ndugu tukachangiana nauli. Masharti ya mama yalikuwa mawili, kwamba atakayeniongoza njia awe mwanamke, na kwamba nisiende mikono mitupu. Akafunga mwenyewe halua, kashata za nazi na leso mpya iliyoandikwa *Hisani haiozi*. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Bombolulu, nashona sare za shule na madera. Miguu yangu ilikuwa inajua pedali tu.

Kutoka Katmandu tulipanda basi mpaka barabara ikatuishia, kisha tukashika njia ya miguu kando ya mto. Kiongozi wangu alikuwa mama wa makamo kama mimi, mfupi, mwenye vifundo vya miguu kama vya mbuzi. Kiingereza chake na changu vilikuwa daraja moja, vyote vya kuungaunga, kwa hiyo tulielewana. Siku ile ya kwanza mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu. Nilitembea na dera langu juu ya suruali, jaketi juu ya dera, kofia ya sufu juu ya mtandio, nikiunung'unikia mlima ambao hata sikuuona.

Asubuhi niliamka nikatoka kutafuta maji ya kutawadha. Nilimkuta kila mtu yuko kwenye shughuli zake na hakuna aliyenionya. Mbele yangu lilikuwa bonde, na juu ya bonde msitu, na juu ya msitu mawe, na juu ya mawe mawingu, na juu ya mawingu kulikuwa na kitu cheupe ambacho nilidhani ni wingu jingine. Nikalingoja lisogee. Halikusogea. Nikainua shingo tena na tena, na kila nilipodhani nimefika ulipoishia mlima, nikaona kwamba bado unapanda. Kwetu Kisauni kilima ni ule mwinuko wa daraja la Nyali. Nilisema "Subhanallah," na mkebe wa maji ukanitoka mkononi. Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote, nikitunga uzi, nikiona mtoto wa jirani kapendeza. Pale nililisema nikaogopa.

Kwa hofu ile ile nikatawadha, nikatandika mkeka kusali. Mombasa kibla chetu ni kaskazini. Mtu huzaliwa akakua akazikwa kwa kuelekezwa huko, wala haulizi. Jana yake kiongozi alikuwa amenionyesha kaskazini kwa mkono, nami nikaelekea huko bila ya kufikiri. Nilipotoa salamu nikamuona amesimama nyuma yangu, viganja amevikutanisha kifuani, macho yamemlowa. Akaniambia kwamba ule mlima kwao ni mtakatifu, watu wa bondeni huuheshimu mno, na hajapata kuona mgeni aliyejua kuusalimia bila ya kuambiwa.

Nilihisi damu inanipanda. Nilikuwa nimesujudu, wallahi, mbele ya jiwe. Nikamuuliza jua linatua wapi, akanionyesha upande wa kushoto, kuliko na zizi na rundo la samadi. Huko ndiko iliko Makka kutoka pale. Nikageuza mkeka, nikasali upya nikiielekea samadi. Kisha nikamwambia kwa ukali kwamba mimi siusujudii mlima. Akasema sawa. Tulipokuwa tunafunga mizigo akaongeza, taratibu, kwamba mlima nao haukukasirika. Nikacheka bila ya kutaka, na tangu hapo tukawa marafiki.

Tukapanda. Njia ilipita mabonde membamba, kisha mabonde mapana, kisha sehemu ambazo sijui niziite nini, maana hazikuwa na mti wala sauti. Mto ulikuwa chini yetu, umekuwa uzi. Hewa ilikuwa haba. Unavuta pumzi unapata nusu, kama aliyekupimia ni muuza duka wa kwetu. Nilisimama kila baada ya hatua chache na kichwa kinanigonga. Kiongozi hakunihimiza hata siku moja. Nilimfundisha kwamba kwetu husema mwenda pole hajikwai, akalipenda, akawa kila nikisimama ananiambia "pole, pole," na mimi sijui kama ananipa pole au ananisifu mwendo.

Chakula kilikuwa wali na dengu, asubuhi na jioni. Sikulalamika, mtu wa Mombasa akipata wali yuko kwao. Chai ndiyo iliyonishinda. Nyumba ya kwanza tuliyokaribishwa juu kule, mwenye nyumba alinijazia kikombe, nikanywa kwa pupa nikitaraji tangawizi, nikakutana na chumvi na siagi. Nikadhani maskini amekosea mkebe. Nikamstahi, nikanyamaza, nikanywa yote nisimwaibishe. Akajaza tena. Kumbe ndiyo chai yao, na kikombe kikiwa kitupu hujazwa, na mimi kwa adabu yangu nilikunywa karibu birika zima.

Katika vijiji vile kila kitu kilikuwa kinamwomba Mungu, hivyo ndivyo nilivyoona mimi. Kulikuwa na magurudumu ya shaba yenye dua ndani yake, mpita njia huyazungusha kwa mkono. Kulikuwa na kuta ndefu katikati ya njia, kila jiwe limechongwa maneno ya dua, maelfu ya mawe, kazi ya mikono ya watu waliokwisha kufa zamani. Ukuta huo hupitwa ukiwa mkono wako wa kulia. Mimi mara ya kwanza niliuacha kushoto, maana niliwahi kwenda Umra na mama, na miguu yangu ilikumbuka tawafu, jinsi Al-Kaaba inavyokaa upande wa moyo. Kiongozi akaniita nirudi. Nilirudi, mtu mzima anayefundishwa mkono wa kulia, nikapita wanapopita wenyeji.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni vitambaa. Kila daraja, kila paa, kila kilele kilikuwa na kamba ya vitambaa vya rangi tano, buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na njano, vimepigwa chapa za dua, na hakuna hata kimoja kilichopindwa. Kingo zote zilikuwa zinachanika nyuzi. Fundi akiona hivyo mkono unamwasha. Nilimwambia kiongozi kwamba kwa pindo dogo tu vingedumu miaka. Akasema havitakiwi kudumu. Huachwa hivyo makusudi, upepo uvichukue uzi kwa uzi na dua iende nao. Maisha yangu yote nimekula kwa kuzuia nguo zisichanike, na hapa palikuwa na watu wanaotundika nguo ili ichanike, tena wakashukuru.

Tulifika kijijini kwa yule mlinzi mwenzake jua likiwa bado liko juu. Nyumba za mawe zimeegemeana ubavuni mwa mlima, kuni zimepangwa juu ya mapaa, na ng'ombe wenye manyoya marefu kama mazulia wanatutazama. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa kwenye jiwe chini ya kijiji, anatungoja kama tulivyoagana simuni. Aliinuka, akatuteremkia, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada," akasema. "Umechoka. Pole. Kaa kitako kwanza."

Nilisahau hata kumwitikia marahaba. Niliitazama midomo yake. Kilikuwa Kiswahili cha Kisauni, kile cha nyumbani kwetu, kimetulia, nami niliyekisikia simuni tu sasa nakiona kinatoka kwenye uso wa mtu wa nchi ya theluji. Nikasema tu, "Bwana," na kabla sijaendelea akajibu, "Labeka."

Mombasa yenyewe vijana wameshaiacha labeka. Ukimwita kijana siku hizi anakuitikia "nini". Mdogo wangu hakuacha, kwa sababu mama hakumpa nafasi ya kuacha. Aliitikia hivyo dukani, aliitikia hivyo kazini, na bila shaka aliitikia hivyo katika chumba kile cha Uarabuni miaka yote, mpaka mwenzake akaona ndivyo binadamu anavyoitika. Nilikaa kitako kama nilivyoambiwa.

Nyumbani kwake alikuwa na mama yake, bibi mdogo mkavu mwenye nywele zilizosukwa kwa nyuzi, anaongea peke yake na jiko. Nilitoa amana za mama. Halua aliionja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. Leso aliikunjua, akaipima kwa mikono, akanitazama anionyeshe pa kuivaa. Nikamfunga kiunoni juu ya nguo zake zote nzito, akatembea huku na huku chumbani akijionyesha, sote tukacheka. Yeye naye akanivisha shingoni kitambaa cheupe chembamba, ndiyo heshima yao kwa mgeni. Nilishtuka kidogo, maana mimi nguo nyeupe mpya isiyoshonwa naijua ni ya kazi gani. Lakini uso wake ulikuwa umejaa furaha, nikakiacha kikae.

Ndipo nikaona wakati umefika. Nikamgeukia mwanawe, nikalitaja jina la mdogo wangu, jina kamili na la baba, kama linavyotajwa kwenye hitima, nikasema nimekuja kuuliza jambo juu yake.

Vicheko vikakatika. Bibi alijifunika mdomo kwa ncha ya leso. Kisha akachukua majani makavu kwenye kibakuli, akayatupa jikoni, moshi ukatanda chumbani. Yule mwanamume aliinuka bila ya kunitazama, akatoka nje, mlango ukagonga.

Nilikasirika. Sitasema vingine. Nilikuwa nimepanda milima kwa magoti ya fundi cherehani, nimekunywa chai ya chumvi, nimesali naielekea samadi, na mtu niliyetumwa nikamtazame machoni amenipa mgongo. Nilimwambia kiongozi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili mchanganyiko, kwamba anaficha kitu, kwamba nilijua tangu mwanzo. Aliniacha nikamaliza. Kisha akanieleza kwamba katika vijiji hivi aliyekwisha kuondoka haitwi tena kwa jina. Ukimwita atasikia, atageuka kutazama nyuma, na njia yake ni ndefu na nyembamba, atapotea. Wanaompenda ndio wanaonyamaza. Wanaompenda sana hunyamaza zaidi.

"Sisi tunamtaja ili tumwombee," nikasema.

"Najua," akasema. "Nyinyi mnamsukuma kwa nyuma. Sisi tunamwachia njia."

Sikukubali. Lakini nilizikumbuka zile simu, kimya chake, na maswali yake ya mvua, na hasira ikapungua kidogo. Nilinawa uso, nikala wali wao, nikalala nalo swali la mama.

Asubuhi mwenyeji wangu alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya njia. "Dada," akasema, "ndani ya nyumba siwezi. Twende juu."

Tulikwenda watatu, kiongozi akiwa nyuma. Njia ilipanda kutoka kijijini mpaka mahali ambapo milima miwili inaachiana nafasi ya upepo kupita. Sijui nilifikaje. Nilihesabu majina ya Mungu kwenye pumzi, jina moja kwa kila hatua, na yalipokwisha nikaanza upya. Pale juu niliona nilichokuwa sijakiona tangu nianze safari, upande wa pili. Milima ilikuwa imepangana, mmoja nyuma ya mwingine, myeupe, mpaka macho yakachoka, na yote imenyamaza. Nilijiona mdogo, lakini sikujiona mnyonge. Nilijiona kama mtu aliyeitwa ndani ya nyumba kubwa na mwenye nyumba hajatokea bado.

Kamba za vitambaa zilikuwa nyingi pale, zinapiga kelele kwa upepo. Aliniongoza mpaka kamba moja, akanionyesha. Katikati ya vile vya rangi tano kulikuwa na kikoi. Cha buluu, mistari ya manjano. Kilikuwa kimepauka, lakini fundi anaijua kazi ya mkono wake. Kikoi hicho nilimshonea mdogo wangu mwaka aliposafiri. Hakupenda vishada, vilimnasa vidoleni, kwa hiyo nilivikata nikakipinda ncha zote mbili kwa mshono maradufu. Vitambaa vyote kandokando yake vilikuwa vimechanika. Pindo langu lilikuwa limeshika.

Tukaketi chini ya ukuta wa mawe kukwepa upepo. Alianza kusema bila ya kuulizwa.

"Yeye alisali kila siku. Mimi nalala, namsikia. Alipoumwa, kabla ya hospitali, akaniambia, hapa sina ndugu, wewe ndiwe ndugu. Nikishindwa, unisomee haya. Akanifundisha. Kwenye basi la kazini, kila siku. Nikikosea anacheka. Ananiambia rudia."

Nikamwambia, "Endelea."

"Siku ile daktari ametoka. Mimi peke yangu. Mkono wake wa kulia una sindano ya dripu, wameufunga kwenye ubao. Nimeweka mdomo hapa." Akagusa sikio lake. "Nimesema. Mara ya kwanza ametulia. Mara ya pili midomo imetikisika. Mara ya tatu, kidole."

Akauweka mkono wake wa kulia juu ya goti, wima, kama uliofungwa ubaoni, vidole vyote vimelala. Kisha kimoja kikainuka taratibu. Kidole cha shahada.

Nilimtazama machoni kama nilivyoagizwa. Nilikuwa nimejitayarisha kutafuta uongo humo, sikujua kama ningekuta hofu. Mtu yule alikuwa anaogopa.

"Dada," akasema, "mimi si wa dini yenu. Nimesema sawa? Miaka hii nafikiri, labda nimekosea neno, nimemfungia mlango. Ndiyo maana simuni siwezi. Mama akiuliza, nitamjibu nini?"

Kumbe alikuwa na swali kama la mama, amekaa nalo juu ya mlima huu peke yake. Nikamwambia asome nisikie. Akakaa vizuri, akafumba macho, akaitamka shahada yote mpaka mwisho, polepole, kwa sauti ya mdogo wangu, na pale ambapo mdogo wangu alizoea kuvuta pumzi naye akavuta. Upepo ulikuwa mkali lakini sikukosa hata herufi. Nikalia. Nililia kwa sauti, kilio cha Magogoni, ambacho sikukilia siku ya simu kwa sababu nilikuwa nimemshika mama.

"Sawa," nilimwambia nilipoweza. "Umesema sawasawa."

Alishusha pumzi, akauegemeza mgongo kwenye mawe kama mtu aliyetua mzigo wa saruji. Kiongozi wangu, aliyekuwa amekaa mbali, alitazama upande wa pili.

Nilitaka kumwombea mdogo wangu pale pale kwa jina lake. Nilipofungua mdomo nikamuona mwenyeji wangu amejikaza, nikaliacha. Nikasema tu "mdogo wangu". Mungu hahitaji kuelezwa ni yupi. Tangu siku hiyo nimekuwa nalitaja nyumbani tu, na hapa pia sikuliandika.

Kabla ya kuteremka niliirudia ile kamba. Sikuamini kwamba upepo hubeba dua, wala siamini leo. Lakini mfukoni nina kimkasi cha kufumulia, hakiniachi, na nilisimama pale vidole vimekufa ganzi nikaufumua mshono wangu, ncha moja, kisha ya pili. Nyuzi zikaanza kucheza mara moja. Mwenyeji wangu aliishikilia kamba isiyumbe mpaka nikamaliza.

Mama alikuwa na simu yake, nasi njiani tuliupata mtandao, lakini sikumpigia kumwambia. Nilimwambia tu nimefika salama. Nilirudi mpaka Magogoni, nikavua viatu mlangoni, nikamkuta amekaa kitandani anavuta tasbihi. Sikumsalimu hata vizuri. Niliketi chini, nikaweka mkono wa kulia juu ya goti, nikamweleza kwanza habari ya dripu na ubao, kisha nikakiinua kidole.

Mama alikitazama kidole changu muda mrefu. Alinyoosha mkono, akakishika kama wanavyoshika watoto, akakaa nacho. Machozi yalimshuka bila ya sauti. Kisha akajifuta kwa upindo wa leso.

"Na mamake huyo bwana," akauliza, "yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Basi hilo la simu lafaa. Mpigie. Mwambie mamake kazaa mwana."